Ndege ni zetu, maelezo yake yawe kwa lugha yetu

Juni 1937, kampuni ya Imperial Airways ilianza kupeleka barua na abiria kutoka Southampton, Uingereza, hadi Durban kwa ndege zinazotua majini. Njia yake ilifuata Mto Nile, ikapita Port Bell na Kisumu, ikatokea baharini Mombasa, halafu Dar es Salaam, halafu Lindi, ndipo ikaendelea Msumbiji. Lindi hii hii ninamoandikia, mimi mkazi wa Mtanda. Ghuba ambayo leo kivuko kinavusha watu na magunia kwenda Kitunda ilikuwa kituo cha ndege kubwa za masafa marefu wakati sehemu nyingi za nchi hii hazijaona hata lori.

Ndege hizo, Short Empire, zilikuwa na injini nne za Bristol Pegasus. Kila injini ilikuwa na silinda tisa zilizopangwa duara kuzunguka shafti, zikipozwa na upepo tu, na nguvu yake ilizidi ya farasi 900. Kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya jingine ni karibu mita 35. Tumbo lake lilikuwa chombo cha baharini hasa: lilikuwa na mkuku, lilikuwa na ngama ya kukaushwa maji, lilikuwa na nanga, na likitua lilifungwa kwenye boya. Abiria walifuatwa kwa mashua.

Watu wa ghuba hii walikuwa na jina la kila kitu kilichogusa maji. Juu ya maji habari ilikuwa nyingine. Kamba ya boya ilishikwa na baharia wa hapa. Kifuniko cha injini kilifunguliwa na mhandisi wa kampuni aliyetoka Uingereza. Huduma ile ilipokoma baada ya Vita Kuu ya Pili, mhandisi aliondoka na spana zake na maneno yake. Nimetafuta katika mazungumzo ya pwani yetu neno moja la injini lililoachwa na ndege zile, na sijalipata. Lililopanda angani ni neno letu wenyewe: rubani, ambaye kabla ya kukaa kwenye chumba cha vioo alikuwa mtu wa baharini, mjuzi wa miamba na mikondo, aliyeongoza vyombo vya watu kuingia bandarini.

Nayasema haya kwa sababu kila mara linapozuka suala la Kiswahili na mambo ya ufundi, kuna mtu atakayesema lugha yetu haina maneno. Mtu huyo hajakaa na fundi wa jahazi Kilwa Kisiwani. Mlingoti, foromali, tanga, demani, omo, tezi, taruma, usukani, dira, bildi ya kupimia kina, batli ya kuandikia safari. Hayo ni baadhi tu, na kila moja lina kazi isiyochanganywa na kazi ya jirani yake. Mengi asili yake ni Kiarabu, mengine Kiajemi, Kihindi, Kireno. Hakuna aliyeona aibu kuyachukua, kwa sababu walioyachukua walikuwa wanaunda vyombo, wanavitia kalafati, wanavivunja na kuviunda upya. Gari lilipokuja ikawa hivyo hivyo. Gereji zetu zina plagi, gasketi, beringi, pistoni, kabureta. Injini inanoki, injini inashushwa, na kila mwenye gari anajua kwamba akiambiwa injini ishushwe basi mfuko wake nao utashuka. Maneno hufuata mkono unaofanya kazi. Pale mkono ulipozuiwa, maneno hayakuja.

Leo mkono haujazuiwa tena. Tuna mafundi wa ndege Watanzania, tuna marubani wanaume kwa wanawake, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo kinafundisha uhandisi wa ndege, na shirika la taifa lina ndege zilizonunuliwa kwa kodi zetu. Kilichobaki nyuma ni maandishi. Kila karatasi inayoeleza ndege hizo, kuanzia kitabu cha fundi mpaka ripoti ya ajali, inaishia kwenye Kiingereza. Hapo ndipo penye madai yangu, nami nataka kwanza kuonyesha kwamba jambo lenyewe linaelezeka.

Chukua ndege ndogo ya Cessna Caravan, ile ambayo watu wa Kilwa Masoko, Mafia na Songo Songo wanaijua kwa sauti kabla hawajaiona. Asubuhi rubani anaizunguka kwa miguu kabla hajawasha kitu. Chini ya bawa kuna vali ndogo. Anaisukuma kwa kikombe cha plastiki kinachoona, mafuta yanatoka kidogo, anainua kikombe kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko mafuta ya ndege, kwa hiyo kama yamo hukaa chini na mpaka wake huonekana wazi. Akiyaona anamwaga, anachukua tena, mpaka kikombe kiwe na mafuta matupu. Pwani yetu yenye unyevunyevu usiku kucha, kikombe hicho kina kazi kubwa kuliko kinavyoonekana.

Kisha anavua kifuniko chenye utepe mwekundu kutoka kwenye kijirija kilichochomoza kwenye bawa. Kijirija hicho, pito, ndicho kinachopokea upepo wa mbele. Kadiri ndege inavyokwenda kasi ndivyo upepo unavyosukuma kwa nguvu ndani yake, na geji ya mwendo inasoma msukumo huo. Mdudu akijenga udongo ndani, geji inadanganya. Tarehe 6 Februari 1996 ndege ya kampuni ya Birgenair ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka Puerto Plata, katika Jamhuri ya Dominika, wakafa watu wote 189. Wachunguzi waliona kwamba mrija mmoja wa namna hiyo uliziba, na waliyemshuku zaidi ni nyigu wa udongo. Nyigu huyo tunamjua. Anajenga kwenye kuta zetu na kwenye tundu la kufuli tusilolitumia.

Geji ya kimo nayo ni kipimo cha hewa. Hewa hupungua uzito kadiri unavyopanda, na geji hutafsiri upungufu huo kuwa futi. Lakini hewa ya Kilwa asubuhi si hewa ya Dar es Salaam jioni, kwa hiyo rubani huulizia kipimo cha mahali anapokwenda na kukizungusha kwenye kidirisha kidogo cha geji. Akikosea kwa hektopaskali 10, atadhani yuko juu au chini kwa karibu futi 300 kuliko alipo. Futi 300 ni minazi kadhaa iliyosimamishwa mmoja juu ya mwingine, na usiku wenye mvua hiyo ndiyo tofauti kati ya kutua na kugonga.

Injini yenyewe ni PT6, ya Pratt & Whitney Canada, na mimi naihusudu. Hewa inaingia puani, inapelekwa nyuma, kisha inageuzwa ielekee mbele tena. Ndiyo maana bomba la moshi liko karibu na pangaboi badala ya kuwa mkiani. Kombresa inaikandamiza hewa, mafuta yananyunyizwa, mwali unawaka bila kuzimika, na hewa ya moto inakimbia kupitia magurudumu mawili yenye mapanga madogo madogo. Magurudumu hayo ndiyo tabaini. La kwanza linaendesha kombresa na linaweza kufika mizunguko 37,500 kwa dakika. La pili linaendesha pangaboi kupitia giaboksi inayopunguza kasi hadi mizunguko 1,900. Kati ya magurudumu hayo hakuna chuma kinachoyaunganisha. Ni upepo wa moto tu. Pangaboi linaweza kusimama tuli huku gurudumu la kwanza likiwa limeshaanza kuimba.

Wakati wa kuwasha, jicho la rubani linaganda kwenye geji moja, ya joto la katikati ya tabaini. Betri ikiwa dhaifu, gurudumu halizunguki kwa kasi ya kutosha, hewa inayopita ni chache, na mafuta yakishamwagwa mwali unakuwa mkali kupita kiasi. Joto linaweza kupita nyuzi 1,000 ndani ya sekunde chache. Rubani asipokata mafuta papo hapo, mapanga yanaungua, na injini ya bei ya nyumba nyingi za Mtanda inakwenda kushushwa. Chumvi ya bahari nayo ni adui. Inaingia pamoja na hewa, inagandamana kwenye mapanga ya kombresa, inakula chuma. Ndege zinazofanya kazi pwani huoshwa ndani ya injini kwa maji safi, injini ikizungushwa bila kuwashwa. Hali ya hewa yetu ilizisumbua ndege tangu mwanzo: mwaka 1915, Waingereza walipokuwa wanaiwinda manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha kwenye delta ya Rufiji, ndege zao za mbao na gundi zilizokaa kisiwa cha Nyororo zilishindwa na joto na unyevu.

Msomaji ambaye hajawahi kusogelea injini ya ndege ameyafuata haya bila kamusi. Nimetumia maneno ya gereji, maneno ya baharini, na machache ya kuazima. Hayakupungua ukweli wake kwa kuwa kwa Kiswahili.

Tena kuna jambo ambalo watu wa Kilwa wangestahili kuambiwa siku nyingi. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974 na kuanza kuzalishwa kibiashara 2004, ilipofika Ubungo kwa bomba ilichomwa katika mitambo ya kufua umeme. Minne kati ya mitambo hiyo ilikuwa ya aina ya LM6000 ya General Electric. LM6000 ni injini ya ndege iliyoshushwa chini na kufungwa kwenye zege: imetokana na CF6-80C2, ukoo ule ule wa injini zilizo chini ya mabawa ya Boeing 767 ya mizigo iliyopokelewa na Air Tanzania 2023. Kombresa, mwali, tabaini, kama ilivyo kwenye Caravan, ila kwa ukubwa mwingine kabisa, na shafti badala ya kusukuma ndege inazungusha jenereta. Kwa hiyo kwa miaka mingi taa za Dar es Salaam ziliwashwa na injini za ndege zilizolishwa na kisiwa cha wavuvi cha Wilaya ya Kilwa. Ningependa kila mtoto wa Kilwa Kivinje na Somanga ajue hivyo akiwa darasa la saba. Somo lipo mlangoni kwake, na hakuna aliyemwandikia.

Sasa turudi kwenye madai. Novemba 2022 ilikuwa mwezi mgumu kwa usafiri wetu wa anga. Tarehe 6, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam iliingia Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walikufa. Mwezi huo huo Air Tanzania ilieleza kwamba ndege zake za Airbus A220 zimeondolewa kwenye ratiba kwa muda kwa sababu ya matatizo ya injini za PW1524G, matatizo yaliyoyakumba mashirika mengine duniani.

Nakumbuka mazungumzo yaliyofuata, vijiweni, kwenye daladala, kwenye simu. Kuhusu A220 watu waliulizana nani kala hela. Ni swali halali kwa mali ya umma, lakini halikuwa na kitu cha kushika. Wachache sana walielezwa kwa lugha yao kwamba injini hiyo ina giaboksi kati ya feni ya mbele na tabaini, ili feni kubwa izunguke taratibu na tabaini ndogo izunguke kwa kasi, na kwamba kwa mpango huo inaokoa mafuta mengi; kwamba baadhi ya vipande vya ndani vilichakaa mapema kuliko mtengenezaji alivyoahidi; kwamba injini za akiba zilikuwa haba dunia nzima. Mwananchi aliyeambiwa hivyo angeuliza maswali makali zaidi: mkataba ulisema nini kuhusu injini za akiba? Fidia ya mtengenezaji ni ipi? Nani alijua lini? Hayo ndiyo maswali ya mwenye mali.

Na Bukoba inaniuma zaidi. Ripoti za uchunguzi wa ajali ile zimeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu. Ndani ya ripoti za namna hiyo kuna mfumo wa kumwonya rubani kwamba anashuka haraka mno au ardhi imekaribia, kuna kisanduku kinachorekodi sauti za marubani na kingine kinachorekodi mwendo wa ndege, kuna upepo unaogeuka ghafla karibu na ardhi. Mama aliyefiwa na mwanawe, mvuvi aliyepiga kasia kwenda kuokoa watu, hao ndio wa kwanza wenye haki ya kuzisoma. Kuwaambia wasubiri muhtasari wa gazeti, ulioandikwa haraka na mwandishi naye anayehangaika na istilahi, ni kuwadhulumu. Nalisema neno hilo nikilimaanisha.

Kuna hoja ya upande wa pili na ina uzito. Anga ni ya dunia nzima. Rubani wa Kituruki akiingia anga ya Dar es Salaam lazima aelewane na mwongoza ndege wetu, na tangu Machi 2008 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga linataka marubani na waongoza ndege wa safari za kimataifa wapimwe uwezo wao wa lugha, angalau daraja la 4. Sababu zake zimelipiwa kwa damu. Januari 1990 ndege ya Avianca iliyotoka Colombia ilizungushwa angani karibu na New York mpaka ikaishiwa mafuta; rubani msaidizi aliwaambia waongozaji kwamba mafuta yanaisha lakini hakutamka neno la kutangaza dharura, nao hawakuipa njia ya haraka. Watu 73 walikufa. Sitaki kabisa redio ya Kilwa Masoko na Dar es Salaam iwe na lugha isiyoeleweka kwa mgeni. Wala sitaki fundi ashindwe kusoma kitabu cha mtengenezaji, ambamo kipimo cha kukaza boliti kimeandikwa na hakina mjadala.

Lakini angalia viwanda vya ndege vyenyewe vilifanya nini. Miaka ya 1980 watengenezaji wa Ulaya waliona kwamba mafundi wengi duniani hawakuzaliwa na Kiingereza, wakatunga Kiingereza kilichorahisishwa kwa vitabu vya matengenezo: maneno machache yaliyoruhusiwa, kila neno maana moja, sentensi fupi. Walikiri kwamba lugha ni sehemu ya usalama, sawa na boliti. Kama wao wamepunguza lugha yao wenyewe kwa ajili ya fundi, sisi tunaona ugumu gani kumwongezea fundi wetu maelezo katika lugha anayoitumia akiwa chini ya bawa? Maana pale chini anasema, "Kaza taratibu, angalia isije ikazidi." Anamfundisha mwanagenzi wake kwa Kiswahili. Anagombana kwa Kiswahili kuhusu kelele aliyoisikia kwenye giaboksi. Elimu hiyo ipo, inatembea mdomo kwa mdomo, na mzee akistaafu inaondoka naye, kama alivyoondoka yule mhandisi wa Pegasus.

Ufaransa huandika ripoti zake za ajali za ndege kwa Kifaransa, kisha hutoa tafsiri ya Kiingereza. Brazil hutoa kwa Kireno na Kiingereza. Nchi hizo hazijafungiwa anga. Hapa nyumbani, hadi juzi tuliambiwa sheria haiwezi kusemwa kwa Kiswahili kwa kuwa istilahi hazipo; mwaka 2021 Bunge likabadilisha sheria, Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama, na hukumu zinaandikwa. Istilahi zilipatikana zilipohitajika.

Ninachokitaka ni kidogo kwa gharama. Wizara yenye dhamana ya uchukuzi, ambayo chini yake kuna wachunguzi wa ajali za ndege, itoe kila ripoti kwa Kiswahili siku ile ile inapotolewa kwa Kiingereza. Kama ripoti nzima ni ndefu mno kwa kuanzia, basi mwenendo wa tukio, matokeo ya uchunguzi na mapendekezo. Mamlaka ya Usafiri wa Anga iagize kadi ya usalama na maelezo ya mlango wa dharura, hata kwenye ndege ndogo ya abiria 12, yawe kwa Kiswahili kinachosomeka, kwa sababu mtu anayeogopa husoma haraka lugha aliyoizoea. Shirika la taifa likitoa taarifa kuhusu injini, lieleze injini, lisiishie kutaja namba yake.

Na Baraza la Kiswahili la Taifa lisikae ofisini kubuni. Maneno ya kubuni mezani tumeyaona: yanachapishwa, yanasifiwa, na fundi hayajui. Wapelekwe watu wawili watatu wenye kalamu na kinasa sauti kwenye karakana za ndege uwanja wa Julius Nyerere, wakae miezi, wasikilize. Wakikuta fundi anasema propela, waandike propela. Wakikuta mwingine anasema pangaboi, waandike na hilo, na waulize anatofautisha vipi la ndege na la feni ya dari. Wakitoka hapo waje Kilwa na Lindi kwa mabaharia, wapime ni maneno gani ya chombo yanaweza kubeba kazi ya chombo cha angani. Ngama ipo. Mkuku upo. Taruma za mwili wa ndege zimepangwa vile vile kama za jahazi, na fundi wa Kilwa Kisiwani akionyeshwa mifupa ya ndege iliyovuliwa bati atazitaja bila kuuliza.

Chuo cha Usafirishaji kingeweza kuanza muhula ujao, kwa kumtaka kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aandike ukurasa mmoja wa Kiswahili kuhusu kifaa kimoja: pampu ya haidroli, vali ya mafuta, geji ya joto. Ukurasa usahihishwe na mwalimu wa ufundi na mwalimu wa lugha kwa pamoja, na utakaofaulu upelekwe shule za sekondari zilizo karibu na viwanja vidogo vya ndege, kuanzia Kilwa Masoko, Kikwetu na Nachingwea.